Matone ya Pua na Mishipa Iliyochoka Kuitwa

Mwezi wa saba mwaka jana nililala Mafinga kwa binamu yangu. Anafanya kazi kwenye mashine ya dingdong, kupasua magogo ya paina, na nyumba yake iko mbali kidogo na barabara kuu. Baridi ya usiku ule ilikuwa ya kuuma masikio. Kama saa tisa nilimsikia akipapasa chini ya mto. Kifuniko kikafunguka, akavuta hewa puani mara mbili, akalala. Saa kumi na moja akarudia tena.

Asubuhi, baada ya kamwene, salamu ya huko, na chai, nikamwomba nione alichokuwa akitumia. Ni kichupa cheupe cha matone ya kuzibua pua, mililita 10, lebo imefutika kwa kushikwashikwa, lakini mstari mmoja ulisomeka: kisitumike zaidi ya siku tatu.

"Nilianza nacho kwenye mafua ya mwaka juzi, kaka," akaniambia. "Nikikiacha, pua inaziba kama imejazwa nta. Sasa bila hicho silali."

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta Mbeya mjini kwa miaka kadhaa, na vichupa vya namna hiyo nimeuza vingi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti baridi inapoingia na vumbi la kiangazi kuanza. Nilikuwa nasema "siku tatu tu" huku narudisha chenji, basi. Sikuwahi kueleza kwa nini tatu na si nne wala kumi. Nilipokwenda kulitafuta jibu nikakuta wataalamu wenyewe hawajakubaliana, na kutokukubaliana kwao kunamhusu moja kwa moja mtu kama binamu yangu.

Kwanza tuelewane pua inazibaje. Wengi wanadhani ni kamasi. Kamasi ina sehemu yake, lakini kinachoziba zaidi ni damu. Ndani ya kila tundu kuna mikunjo laini yenye mishipa mipana ya vena inayoweza kujaa kama sifongo iliyotiwa maji. (Sizungumzii zile "nyama za puani" ambazo watoto hupelekwa kukatwa, hii ni mikunjo ambayo kila mtu anayo.) Ikijaa damu, njia ya hewa inabana. Ikinywea, njia inafunguka. Mwenye kuamuru ni mfumo wa fahamu wa simpathetiki, unaofanya kazi bila sisi kuuamuru, ambao usiku na mchana hutoa kidogo kidogo noradrenalini, kemikali ya kupeleka amri. Noradrenalini inashika vipokezi vya alfa, yaani protini za seli zinazopokea amri hiyo, kwenye ukuta wa mshipa, msuli wa ukuta unajikaza, damu inasukumwa kutoka. Ndiyo maana hata mtu mzima wa afya, matundu yake hupokezana: saa kadhaa hili linapitisha hewa zaidi, saa kadhaa lile. Na ukilala ubavu, la chini ndilo huziba.

Oksimetazolini na zailometazolini, ambazo ndizo dawa zilizomo katika vichupa vingi, hufanya kazi ya noradrenalini. Tofauti ni kwamba zinang'ang'ania. Noradrenalini ya mwili hutolewa, hufanya kazi, halafu hurudishwa ndani ya ncha ya mshipa wa fahamu kwa muda mfupi mno. Oksimetazolini inaweza kubana mishipa kwa muda wa hadi saa 12. Mtu aliyezibwa pua siku nzima anapata pumzi ndani ya dakika chache, naye hawezi kulaumiwa kwa kuipenda. Shida ni nini hutokea kipokezi kinapoitwa bila kupumzishwa kwa wiki na miezi.

Upande wa kwanza unasema kipokezi huchoka, na una ushahidi mzito wa namna seli inavyofanya kazi. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya familia ya vipokezi ambamo hivi vya adrenalini na noradrenalini vimo. Sehemu ya kazi iliyotoka katika maabara ya Lefkowitz ilionyesha kwamba kipokezi kikichochewa mfululizo, kimeng'enya ndani ya seli hukitia alama ya fosfeti. Kisha protini iitwayo arestini huja kukaa juu ya alama ile na kukata mawasiliano. Dawa bado imeshika kipokezi kwa nje, lakini ndani hakuna anayesikia. Uchochezi ukiendelea, kipokezi huvutwa ndani ya seli, na baadhi huvunjwa kabisa. Ni kama muuza duka aliye karibu na stendi ya Kabwe: siku ya kwanza kila konda anayeita "Uyole, Uyole!" anamshtua, baada ya mwezi hasikii chochote.

Vipokezi havichoki kwa kasi moja. Vya alfa viko makundi mawili, 1 na 2. Miongoni mwa vya alfa 1, aina iitwayo alfa 1B huondolewa usoni mwa seli upesi, na alfa 1A huchelewa. Kwa hiyo hata ndani ya pua moja tusitegemee mishipa yote ichoke kwa siku moja.

Jambo la pili katika upande huu ndilo lililonishika zaidi. Ncha za mishipa ya fahamu nazo zina vipokezi vyake vya alfa 2. Kazi yake ni kupima noradrenalini iliyokwisha kutolewa na kusema "imetosha". Dawa ya matone inashika na hivyo pia. Ncha ya mshipa wa fahamu inadhani noradrenalini imejaa tele, inapunguza kutoa yake. Fikiria mzee wa Rungwe aliyeajiri kibarua wa kuchuma chai. Mwanawe akiona kazi inafanyika, anaacha kwenda shambani. Siku kibarua akiondoka, chai inabaki haina mchumaji. Dawa inapokwisha alfajiri, mwili hauna dawa na hauna noradrenalini yake ya kutosha. Mishipa inalegea, sifongo inajaa, pua inaziba kuliko ilivyokuwa kabla ya kichupa cha kwanza. Mgonjwa anasema "ugonjwa wangu umerudi", anapapasa chini ya mto.

Liko na la tatu: dawa hizi hubana pia vijishipa vinavyoleta chakula na oksijeni kwenye utando wa pua. Utando uliokoseshwa damu kwa saa nyingi, damu ikirudi, huvimba.

Haya si nadharia tupu. Miaka ya 1990 watafiti wa Sweden waliwapa watu wenye afya dawa hizi kwa wiki kadhaa, wakapima uvimbe wa ndani ya pua kwa vifaa badala ya kutegemea maelezo tu. Kwa zailometazolini waliripoti kwamba muda wa kufunguka ulifupika na uvimbe wa kurudi ukatokea. Mwaka 2010, huko Dundee, Uskoti, watu 19 wenye afya walipewa oksimetazolini mara tatu kwa siku kwa siku 14. Dawa ilipoteza nguvu na pua zikaziba zaidi. Kisha wakaongezewa dawa ya kupulizia ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, iitwayo flutikazoni, kwa siku tatu, na hali ile ikageuka: mishipa ikaitika tena.

Matokeo hayo ya Dundee yana maana kubwa. Kama uvimbe ungekuwa tu jeraha la utando au uchovu usiorudi nyuma, siku tatu zisingetosha. Steroidi hujulikana kwa kuisaidia seli kutengeneza vipokezi vipya na kuviunganisha upya na mitambo ya ndani. Jambo la jinsi hiyo linaonekana pia mbali kabisa na pua, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Mgonjwa ambaye maambukizi yameingia kwenye damu na presha ikaanguka hupewa noradrenalini kwa mpira wa mshipani, na mara nyingine dozi inapanda kila saa huku presha ikigoma. Pale sababu ni nyingi, vipokezi vikiwa sehemu moja tu. Lakini madaktari wakiongeza haidrokotizoni, ambayo nayo ni steroidi, mishipa mara nyingi huanza kuisikia noradrenalini tena. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 3,600, waliopata haidrokotizoni walitoka kwenye hali ile ya presha kuanguka kwa siku 3, wengine kwa siku 4. Vifo havikupungua, na hilo lazima lisemwe. Lakini mishipa iliitika mapema.

Mpaka hapa mtu angefunga mjadala. Upande wa pili nao una hoja, na si hoja za wauza dawa.

Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti mdogo ambamo watu walitumia oksimetazolini mara moja kila usiku kwa wiki nne. Pua zao ziliendelea kuiitika dawa. Mwaka 2003 ukatoka mwingine wa watu wenye afya waliotumia mara tatu kwa siku kwa wiki nne nzima: watafiti hawakukuta uvimbe wa kurudi, wala dawa kupoteza nguvu. Ni dawa ile ile iliyochosha pua za Dundee kwa nusu ya muda huo. Mwaka 2011, huko Chicago, wagonjwa wa aleji ya pua ya mwaka mzima walitumia oksimetazolini mara moja kila jioni pamoja na steroidi ya kupulizia kwa wiki nne, nao hawakuharibikiwa. Walipumua vizuri kuliko waliotumia steroidi peke yake.

Wako pia wanaosema tumeisingizia dawa, mkosaji ni kihifadhi kilichochanganywa humo kuzuia vijidudu, benzalkoniamu kloraidi, ambacho kwa matumizi ya muda mrefu kimehusishwa na uvimbe zaidi. Hili naliona lina uzito wa kati. Linaweza kuongeza moto, lakini haliwezi kueleza jinsi steroidi ilivyorudisha mwitiko wa vipokezi.

Halafu kuna hizo siku zenyewe. Marekani lebo husema siku 3. Uingereza, kwa zailometazolini, mtu mzima kwa miaka mingi aliambiwa asizidishe siku 7. Mishipa ya Mwingereza na ya Mmarekani ni ile ile. Kwa hiyo siku tatu ni uamuzi wa tahadhari uliofanywa na watu. Anayesema siku ya nne pua inaharibika anawatisha watu bila msingi, na mteja akipita siku ya nne salama haamini tena neno lolote tutakalomwambia.

Nikiziweka pande hizi mbili pamoja, swali linalonijia ni la pua zilizopimwa. Karibu zote zilikuwa za watu wenye afya, katika nchi za mbali, waliojua tarehe ya kuanza na ya kumaliza, wakatumia dozi iliyopimwa. Binamu yangu anavuta vumbi la mbao tangu asubuhi. Maranda yanamjaa kwenye kofia na nyusi. Jioni anaota moto wa kuni ndani ya jiko lenye dirisha dogo. Pua yake ilikuwa imevimba kabla ya kichupa, na ingevimba hata kama kichupa kisingekuwepo. Vipokezi vyake vikichoka kidogo tu, hana akiba. Zaidi ya hayo hatumii dozi ya utafiti, anatumia kila pua inapobana. Utafiti wa 2003 hauwezi kumtetea. Ule wa Chicago unakaribia hali yake, na pale oksimetazolini ilitembea na steroidi tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa wanaosema mishipa huchoka, ila nakataa namna upande huo unavyozungumza na watu. Nimewasikia wenzangu wa kaunta wakimwambia mteja "wewe umeshakuwa teja wa dawa ya pua", na mteja, mama wa makamo, akaondoka ameinamisha kichwa. Kilichompata si tamaa. Vipokezi vyake vilifanya kile ambacho seli hufanya ikichochewa bila kupumzishwa. Wanaobeba uvimbe wenye kumwaga adrenalini na noradrenalini ndani ya mwili nao mara nyingine hukutwa na presha isiyolingana na wingi wa homoni kwenye damu, na sehemu ya maelezo ni mishipa iliyozoea. Hakuna anayewaita mateja.

Vipokezi havibadiliki kuelekea upande mmoja tu, na sisi wa nyanda za juu tunaliona kila asubuhi bila kulijua. Mshipa wa ngozi ya kidole ukipoa, vipokezi vya aina ya alfa 2C vilivyokuwa vimefichwa ndani ya seli huletwa juu, na noradrenalini ile ile inabana kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mwuza viazi wa Isyonje saa kumi na mbili asubuhi ana vidole vilivyopauka wakati mwili wake umevikwa koti zito. Baridi inaongeza vipokezi, dawa inavipunguza. Ndiyo sababu nina matumaini na pua zilizochoka: kinachoondolewa juu ya seli kinaweza kurudishwa.

Hapa napinga pia wale wanaotaka matone haya yauzwe kwa cheti cha daktari tu. Naelewa hofu yao, na kwa watoto wako sahihi: mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba mililita 1 hadi 2 tu za dawa za kundi hili, mtoto mdogo akizinywa, zinaweza kumlaza, kupunguza mapigo ya moyo na kumfikisha pabaya. Kichupa cha chini ya mto kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili ni hatari kubwa kuliko pua ya baba. Wenye presha ya kupanda nao wasiitumie bila kuuliza, kwa kuwa dawa hupenya na kubana mishipa kwingine. Lakini mtu wa Makete au vijiji vya ndani ya Mufindi, daktari yuko mbali na duka la dawa muhimu liko karibu. Mpango wa maduka hayo ulianzia kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, kwa sababu hiyo hiyo ya umbali, kwa kuwapa mafunzo wauzaji waliokwishakuwepo. Ukifunga mlango huo, mwenye mafua ya siku mbili anayetaka kulala atakosa, na aliyekwisha kuzoea atatafuta pengine. Naona afadhali muuzaji aulize maswali mawili: unaitumia tangu lini, na pua yako inaziba hata usipokuwa na mafua? Akijibu miezi, au akijibu ndiyo, hapo panahitajika steroidi ya kupulizia na mtu wa kumchunguza kama ni aleji, sainasi au vumbi la kazini.

Kikwazo ni bei. Steroidi ya kupulizia ni ghali kuliko matone mara kadhaa, na maduka mengi ya vijijini hayana kabisa. Tena haifanyi kazi usiku ule ule. Inachukua siku kadhaa, na mtu aliyezoea kufunguka kwa dakika chache anadhani ameuziwa maji. Asipoambiwa hivyo mapema ataitupa siku ya pili. Hili naliona ndilo tatizo kubwa kuliko mabishano ya siku tatu au saba.

Binamu yangu tulianza naye hivi. Nilimnunulia steroidi Mbeya nikaituma kwa basi. Akaanza kuipuliza pande zote mbili kila asubuhi, na baada ya wiki akaacha matone kwenye tundu la kulia tu, la kushoto likaendelea ili apate usingizi. Maji ya chumvi ya kusafishia pua akatumia akitoka kazini, kabla hajaota moto. Usiku wa pili alinipigia saa nane.

"Kaka, la kulia limeziba kabisa. Nafanyaje?"

"Lalia ubavu wa kushoto, liwe juu. Usiliwekee."

Alikata simu bila kuaga. Siku ya tisa akaniambia la kulia linapitisha hewa, si sana, ila linapitisha. Wiki iliyofuata akaacha na la kushoto. Barakoa ya vumbi anavaa siku anazokumbuka, na bado tunabishana juu ya hilo. Kichupa kipya amekinunua kwa ajili ya mafua, akakiweka kabatini juu, mtoto asipofikia, na kwa kalamu ya wino ameandika pembeni ya lebo maneno "kimefunguliwa tarehe", nafasi ya tarehe bado iko wazi.